Mti, Moto, Udongo, Chuma na Maji

Mama aliondoka na wadogo zangu wawili mwaka ule ule wa Mapinduzi, mvua za masika zilipokuwa zinaisha. Walipanda meli kwenda Mombasa, na kutoka huko wakaenda Maskati kwa mjomba. Baba alikuwa ameshafariki zamani. Mimi nilibaki kwa sababu ya bibi yangu, mama yake baba, ambaye alikataa katakata kuondoka Unguja.

"Niende Maskati nikatafute nini?" alisema. "Huko simjui hata paka."

Mama akanitazama, nami nikajua ninachotakiwa kusema. Nikasema nitabaki na Bibi kwa muda. Siku ya safari niliwasindikiza bandarini nikiwa nimemshikia Mama mwavuli, na kazi ya kushika mwavuli ilinishughulisha hata sikulia. Nilirudi Mkunazini kwa miguu. Nilipopanda ngazi Bibi aliniuliza kama nimenunua mkate. Sikuwa nimenunua, nikashuka tena.

Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa mbili, na kabla ya hapo sikuwahi kujua kama ni kubwa. Sasa vyumba vilikuwa vingi kuliko watu. Bibi alikuwa na goti bovu, hivyo alishinda chumbani kwake juu, kwenye kitanda chake cha samadari, akisikiliza mambo ya mtaani kupitia dirishani. Mimi nilikuwa mwalimu katika skuli ya wasichana. Asubuhi niliipenda, kwa kuwa skuli ilikuwa na kelele. Saa nilizoziogopa ni za alasiri, wakati wanafunzi wameshakwenda kwao na mimi sina budi kurudi kwenye nyumba ile.

Ndiyo maana nilianza kubaki ukumbini kupiga piano. Piano hiyo ilikuwa ya skuli. Mwalimu mkuu wa zamani, Mwingereza, alinifundisha kupiga nilipokuwa mwanafunzi, ili niwapigie wenzangu nyimbo za asubuhi. Alikuwa na desturi ya kuweka balbu ndogo inayowaka ndani ya piano mchana kutwa, kwa sababu unyevu wa Unguja hauna huruma na kitu chochote cha mbao. Alipoondoka, balbu iliungua na hakuna aliyeweka nyingine. Yale meno meupe na meusi yakaanza kunata. Mengine ukiyabonyeza yalibaki chini, mpaka uyainue kwa ukucha. Mwalimu mkuu mpya, mwenzetu, alikuwa mama mwema mwenye kazi nyingi. Alinambia, "Wewe piga tu, madhali huvunji kitu." Basi nikawa napiga zile nyimbo chache ninazozijua, peke yangu, mpaka adhana ya Magharibi, ndipo nikafunga ukumbi.

Mwaka uliofuata wakaja madaktari wa Kichina. Mji mzima ulikuwa ukiwazungumza: wanakula nini, wanalala wapi, mbona hawagombi. Siku moja walikuja skulini kuwachanja wasichana. Daktari mmoja alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, nywele zimekatwa usawa wa masikio. Kando yake alikuwapo kijana mkalimani aliyesoma Kiswahili huko huko kwao, akikizungumza kwa uangalifu kama mtu anayepita juu ya utelezi. Kazi ilifanyika pale ukumbini. Walipomaliza, wasichana wakatoka wakishika mikono yao na kulia kwa mchezo, yule daktari akasimama mbele ya piano.

"Daktari anauliza," alisema mkalimani, "kama anaruhusiwa kuigusa."

"Na aiguse," nilisema.

Hakukaa kitini. Alipiga akiwa amesimama, mkono mmoja, taratibu, na kila jino lililonata alilirudia mara mbili tatu kama anayembembeleza mgonjwa. Kisha akavuta kiti, akakaa, akatia na mkono wa pili. Mikono yake ilikuwa inanuka spiriti. Sijui alipiga nini. Nilichojua ni kwamba mambo yote niliyokuwa nikiyapiga mimi pale alasiri zote zile yalikuwa ni kugonga mlango tu, na huyu alikuwa ameshaingia ndani.

Alipoacha, alisema kitu kwa lugha ya kwao. Mkalimani akanitafsiria: "Anasema piano hii ina ugonjwa wa baridi. Anauliza dawa iko wapi." Nikamweleza habari za balbu. Juma lililofuata alikuja na balbu mfukoni, imefungwa kwenye leso.

Kutoka hapo akawa anakuja Alhamisi alasiri, akipata nafasi. Hakuja kamwe bila mkalimani, ambaye alikaa dirishani akisoma kitabu chake, na daktari na mimi tukakaa kwenye kiti kimoja kirefu. Daktari alikuwa na Kiswahili chake mwenyewe, cha hospitali tu. Alijua kusema pumua, usipumue, kohoa, lala, inuka, inauma wapi, tangu lini. Kwa maneno hayo akanifundisha muziki. Nikipiga kwa haraka alinambia, "Lala, lala." Nikikosea alisema, "Hapa inauma." Nikipatia alisema, "Imepona." Mimi nilicheka, na nilipocheka nilishtuka, maana nilikuwa nimesahau sauti yangu ikoje.

Nilipomzoea nilimwomba aje amwone Bibi. Bibi alipoambiwa kwamba tiba yenyewe ni sindano, si ya dawa bali sindano tupu za kuchomekwa mwilini na kuachwa humo, alijifunga kanga kichwani kama anayekwenda vitani.

"Mimi si kofia nitiwe sindano," alisema. "Mwambieni hivyo hivyo."

Mkalimani akafasiri. Daktari akatazama kofia ya vito ya marehemu babu, iliyodariziwa kwa mkono vishimo vishimo, iliyokuwa imetundikwa ukutani, akaishusha, akaigeuza huku na huku akihesabu vishimo kwa kidole. Akasema kitu, mkalimani akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Anasema, sindano nyingi namna hii, na kofia haikulia hata kidogo."

Bibi akanyoosha mguu. Baada ya daktari kuja mara kadhaa, Bibi aliweza kushuka ngazi akishika ukuta, na kutoka siku hiyo daktari akawa mtu wa nyumbani kwetu. Bibi alimwekea mkate wa kumimina na kumsimamia mpaka aumalize.

Siku moja ya Alhamisi daktari alinipigia kitu ambacho sijawahi kukisikia. Vilikuwa vipande vitano vifupi. Mkalimani aliweka kitabu chini akaja kutusaidia, kwa sababu maneno ya hospitali hayakutosha. Alieleza kwamba babu yake daktari alikuwa tabibu wa mitishamba, na alimfundisha mjukuu wake tangu mdogo kwamba kila kilichoko ulimwenguni kina asili katika vitu vitano, na kila kimoja humzaa mwenzake. Baba yake naye alikuwa mwalimu wa muziki. Daktari alipokuwa msichana alitunga kipande kimoja kwa kila kitu, apate kuwafurahisha wote wawili.

"Cha kwanza ni mbao," alisema mkalimani.

"Mbao au mti?" niliuliza. "Mbao imeshakufa. Mti uko hai."

Wakashauriana. Daktari alitikisa kichwa kwa nguvu kukubali. "Mti," alisema mwenyewe.

Mti huzaa moto, moto ukizimika huacha majivu ambayo ni udongo, katika udongo hutoka chuma, chuma huzaa maji, na maji hunywesha mti. Kisha daktari akaniwekea kiganja chini ya mbavu, akapanda nacho mpaka kifuani, akinionesha kila kitu kinakaa wapi mwilini. Mti uko kwenye ini, nao ni hasira. Moto uko moyoni, nao ni furaha. Udongo uko tumboni, nao ni fikra zisizoisha. Alipofika kifuani alisimamisha mkono.

"Chuma," alisema, "pafu. Pafu, huzuni." Akanitazama. "Tangu lini?"

Nilijua hakuniuliza habari za muziki. Nilisema, "Muda kidogo sasa." Mkalimani alikuwa ameshafungua kinywa afasiri, lakini daktari alimzuia kwa mkono.

Alinifundisha Chuma kwanza. Ni kipande chepesi kukipiga kwa vidole na kizito kwa mengine yote: sauti moja, kisha kimya, kisha sauti nyingine, na katika kila kimya alinambia, "Pumua." Nilikuwa sipumui. Nilikuwa nikivuta pumzi na kuizuia mpaka mwisho, na sikujijua. Maji, kipande cha mwisho, hakunifundisha ila mwanzo wake, maana yeye mwenyewe alikuwa akikipiga kila siku namna nyingine na kusema bado hakijapona.

Habari hizi zilipofika kwa Bibi zilizua ubishi. Bibi alijua mambo ya nyota, na katika hesabu yake vitu vilikuwa vinne tu. Yeye nyota yake ya moto, mimi ya udongo, na kwa sababu hiyo, alisema, ndiyo maana mimi ni mtu wa kubaki mahali.

"Chuma mmekitoa wapi nyinyi?" alimwuliza daktari. "Na upepo mmeutupa wapi?"

"Anasema upepo unakaa ndani ya mti," alijibu mkalimani.

Bibi alifikiri. "Hapo sawa. Mnazi bila upepo hausemi. Lakini chuma kuzaa maji, hilo hapana."

Daktari akazunguka chumbani akitafuta mfano. Akaona sinia, akaanza kuonesha kwa mikono jinsi chuma kikilala nje hupata umande. Bibi alimkatiza, akionesha dirishani kwenye bomba la maji la uani.

"Aa, nshafahamu! Mfereji! Mfereji ni chuma na unazaa maji. Ila mwambie wa kwetu huu ni tasa."

Ilibidi mkalimani aombe maana ya tasa, na alipopewa alicheka mpaka akavua miwani.

Lilikuwa wazo la mwalimu mkuu kwamba daktari awapigie wanafunzi na wazee wao siku ya sherehe ya skuli. Mkubwa wa wale madaktari, bwana mmoja mtaratibu mwenye mvi, alikubali kwa sharti zianze nyimbo za kwao za kazi na za taifa. Halafu, alisema, vile vipande vya zamani vinaweza kufuata, kwa kuwa ni vifupi. Mimi nilipewa kazi ya kusimama na kueleza kila kipande ni nini.

Ilikuwa alasiri ya joto. Tulifungua madirisha yote ya ukumbi, wasichana wakakaa chini mbele, wazee nyuma kwenye viti, na waliokosa viti wakasimama ukutani. Bibi alikuja kwa miguu yake, mkongojo mkono mmoja na mkono mwingine begani kwangu, akiamkiwa njia nzima na watu waliodhani ameshakwenda zake Maskati au ahera. Alikaa mstari wa mbele kabisa. Daktari alivaa shati jeupe na suruali ya buluu, akawapa watu mgongo, akapiga nyimbo za kwao. Wale wenzake waliimba wima. Sisi tukapiga makofi.

Nikasimama. Nikasema vipande vitano vinavyofuata ni mti, moto, udongo, chuma na maji, na kila kimoja ni mzazi wa mwenziwe. Niliona wanawake wa nyuma wakinong'onezana kuhusu nyota zao.

Mti ulianzia chini, kwenye zile sauti nene za upande wa kushoto, ukapanda polepole. Moto uliwapata wasichana. Ulikuwa na mwendo wa kurukaruka, wakaanza kuupigia makofi bila kuambiwa, na daktari badala ya kukasirika akauongeza kasi. Udongo ulikuwa mtulivu mno, na watu wakaanza kujipepea na kukohoa. Ulikuwa bado haujaisha nilipomwona dereva wa hospitali mlangoni, amesimama mguu mmoja ndani na mmoja nje. Mkalimani akamwendea, akarudi mbio, akamnong'oneza daktari sikioni. Daktari aliimaliza sentensi yake ya muziki, akainuka.

Kulikuwa na mama wa Bububu aliyeletwa hospitali, uchungu umemshinda.

Alipita karibu yangu. "Wewe," alisema. "Chuma. Maji."

"Siwezi, Daktari."

"Pumua," alinambia, kwa ile sauti yake ya kazini, akatoka. Nikasikia mlango wa gari, kisha gari likaondoka.

Ukumbi mzima ulinigeukia. Mwalimu mkuu alinipungia mkono kama anayefukuza kuku: kaa, kaa. Nikakaa. Kiti kilikuwa bado na joto lake.

Nilipiga Chuma. Nilipiga sauti ya kwanza nikangoja, na katika ule ungojaji nikaiona bandari, na mwavuli, na mdogo wangu wa mwisho akinipungia mkono juu ya meli huku akitafuna kitu. Nikapiga ya pili. Sikuweza kuzuia pumzi tena hata kama ningetaka. Machozi yalikuja yenyewe, bila kwikwi, yakateremka mpaka kidevuni, na kwa kuwa nilikuwa nimewapa watu mgongo hakuna aliyeyaona. Mahali pawili nilikosea, nikaendelea. Nilikuwa mbele ya watu wengi kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na sikumbuki siku niliyokuwa peke yangu kuliko ile.

Kisha Maji. Niliupiga mwanzo, ule nilioujua. Nilipofika mwisho wa ninachokijua nikaurudia, nikitumai vidole vitajua njia. Havikujua. Nikainua mikono, nikaiweka mapajani.

Watu hawakujua kama kimekwisha au bado, na mimi sikuwa na ujasiri wa kugeuka niwaambie. Ndipo nikasikia sauti ya Bibi, wazi kabisa, mstari wa mbele:

"Yamekatika!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Hapana mtu mjini mle asiyejua maji ya mfereji yanavyokatika. Walicheka, wakapiga makofi, wasichana wakapiga vigelegele, hata mkubwa wa madaktari alipofasiriwa na mwenzake alicheka akitikisa mabega. Mimi nilijifuta uso kwa ncha ya mtandio, nikainuka, nikainama kama alivyonifundisha yule Mwingereza. Watu walisema ilikuwa sherehe nzuri. Waliondoka makundi makundi, jirani mmoja akamchukua Bibi, na mimi nikabaki kupanga viti.

Daktari alikuja nyumbani kesho yake. Macho yalikuwa mekundu. Alikaa chini kwenye mkeka karibu na kitanda cha Bibi, na Bibi hakumwuliza chochote, alimmiminia kahawa tu.

"Mama mzima," alisema daktari. "Mtoto, hapana."

"Inna lillahi," alisema Bibi.

Daktari akanywa kahawa yake. Kisha akanigeukia. "Chuma?"

"Nimepiga."

"Inauma?"

"Inauma."

"Vizuri," alisema, akanipiga piga mgongoni, mara mbili, kama apigwavyo mtoto akishanyonya.

Baada ya siku hiyo tuliendelea kwa miezi kadhaa, kisha Alhamisi zikaanza kupungua. Mara ana kazi, mara wana mkutano wao. Halafu akaja mkalimani peke yake, akasimama mlangoni mwa ukumbi bila kuingia. Alisema daktari hataweza kuja kupiga tena. Kwao sasa mambo ya kale yalikuwa yakisemwa vibaya, na mkubwa wao mpya hakupenda vile vipande. Nilimwuliza kama daktari amefanya kosa. Alisema hakuna kosa. Alisema ni mafunzo. Akaniomba nisiulize zaidi, na kwa jinsi alivyoniomba sikuuliza.

Nilimwona daktari mara moja tu baada ya hapo. Alikuja kulitazama goti la Bibi, na kuaga, maana muda wake ulikuwa umekwisha. Alikuwa na binti kwao ambaye alimwacha ana miaka minane. Nilimwambia, basi utamwona mtoto wako. Alitikisa kichwa kukubali, lakini hakufurahi kama nilivyotegemea, naye akatazama kule aliko mkalimani.

Mkalimani alikuwa ametoka roshanini. Sasa nadhani alitoka kwa makusudi. Daktari akanivuta nikakaa ukingoni mwa samadari, akaweka vidole vyake kumi juu ya ubao wa kitanda, akaanza kupiga. Hakukuwa na sauti ila ya kucha zake kwenye mbao. Bibi aliduwaa. Mimi nilifahamu mara moja: ni Maji, yamekamilika, na ananipa. Nilikaza macho nikaviangalia vidole vile mpaka vikanichanganya. Kimoja kinapanda, viwili vinashuka, mkono wa kushoto unakwenda mbali, unarudi. Alirudia tena yote. Kisha mkalimani akakohoa kule roshanini, naye akaiondoa mikono akaiweka mapajani.

"Imepona," alinambia.

Asubuhi ya pili nilikwenda skuli mapema, kabla ya mtu yeyote, nikajaribu. Sikuwa na hakika mkono wake ulianzia wapi. Nikianzia huku unatoka wimbo mmoja, nikianzia kule unatoka mwingine, na hakuna uliokuwa ule. Nilijaribu siku nyingi. Kila siku nilikumbuka vidole vichache zaidi, na kila siku yakini yangu ilipungua kwamba nilivyovikumbuka ni vyake na si vya kubuni kwangu. Mwisho nikaacha.

Bibi alifariki miaka miwili baadaye, usingizini, goti zima. Watu walijaa siku tatu za matanga, kisha wakaenda zao, na ile nyumba ikanirudia yote. Mama alitaka niende, lakini kutoka kulikuwa si jambo jepesi wakati ule, na kusema kweli sikuhangaika. Ukumbi wa skuli ulifanywa madarasa, piano ikasukumwa stoo pamoja na madawati mabovu, na balbu ikatolewa ikatumike ofisini. Nilikuwa nikipita pale mlangoni kila siku bila kusimama. Serikali ikaipa nafasi ya chini ya nyumba yetu familia moja ya Kiislamu yenye asili ya bara, fundi seremala na mkewe na watoto wanne. Tulikuwa tukiamkiana ngazini, basi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, siku moja nikitoka sokoni Darajani na muhogo wangu kapuni, nilimwona mkalimani. Amenenepa kidogo, miwani nyingine. Alikuwa na wenzake wawili, wakiangalia ndoo na visu. Nilifurahi mpaka nikamkimbilia.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, ingawa tulikuwa rika moja.

Niliuliza habari za daktari. Hajambo? Yuko wapi? Bado anapiga?

"Daktari gani?" alisema. "Walikuwa wengi."

"Yule mwanamke. Wa piano."

"Samahani. Sikumbuki."

Mmoja wa wale wenzake alikuwa akitutazama kwa tabasamu la adabu, na sikujua anafahamu Kiswahili au hafahamu. Nikasema haidhuru, huenda nimemfananisha. Nikageuka niondoke.

"Bibi hajambo?" aliuliza nyuma yangu. "Goti lake?"

Nilisimama. Nilipogeuka alikuwa ameinamisha uso kwenye ndoo aliyoishika.

"Bibi ameshafariki," nilisema. "Miaka sasa."

Akairudisha ndoo chini. Kisha akasema, polepole, kwa kile Kiswahili chake cha uangalifu, "Pole sana. Poleni nyumbani kwako."

Nyumbani kwangu. Nikamshukuru, nikaenda. Sikumwona tena, na habari za daktari sikuzipata kwa mtu mwingine yeyote, ijapokuwa kila walipokuja madaktari wapya nilipita hospitali kwa kisingizio hiki na kile, nikiwaangalia wanawake.

Mvua ilinikuta Mkunazini. Nilipofungua mlango mkubwa, mke wa seremala alikuwa kwenye ua wa ndani anaanua nguo, mtoto mmoja mgongoni na mwingine amemshika kanga. Nguo zilikuwa nyingi na mvua ilikuwa ikiingia. Niliweka kapu chini nikamsaidia. Tulipomaliza aliutazama muhogo wangu, akanitazama mimi.

"Huo wote unapika peke yako, Mwalimu?"

"Naam."

"Na mimi nina nazi, na muhogo sina. Tangu asubuhi nawaza." Akacheka kwa aibu. "Hebu kaa basi. Tupike mara moja."

Nilisema nina kazi za watoto za kusahihisha. Zilikuwapo kweli. Alisogeza kibao cha mbuzi upande wangu kwa mguu, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mtoto, nikavua viatu nikakaa, nikaanza kukuna nazi.